Mtafiti wa Mapafu Asiachwe Peke Yake

Mtu anayetoka Morogoro mjini na kushika njia ya Kisaki hufika Bigwa kabla hajachoka. Hapo ndipo tambarare inapokwisha na milima ya Uluguru inapoanza. Kwa mkulima wa Kiluguru mlima si mandhari ya kutazamwa. Mlima ndio shamba, ndio njia ya kwenda sokoni na ndio njia ya kurudi nyumbani. Asiyeweza kupanda hana shamba, hata kama migomba yake ingali imesimama huko juu.

Hivi karibuni tulikuwa Bigwa kwa shughuli zetu, na tulipokuwa tukipanda tulimkuta mzee mmoja ameketi juu ya jiwe kando ya njia, jembe lake amelilaza chini. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanyamaza mpaka alipokwisha kukusanya pumzi. Ndipo akatueleza kwamba alikwisha kuugua kifua kikuu. Alimeza dawa miezi yote 6 bila ya kuruka siku, makohozi yake yakapimwa yakaonekana safi, na akaambiwa kwamba amepona. "Nimepona, wanangu," alisema, "lakini shamba langu limehamia mbali."

Maneno ya mzee huyo hayajatutoka mpaka leo. Wadudu wa maradhi wamekufa, lakini pumzi haikurudi yote. Dawa imefanya kazi iliyotumwa, nayo ni kuua adui. Lakini nyumba aliyoibomoa adui imebaki na nyufa zake. Je, mapafu yaliyoharibika yaweza kujengeka upya? Na ni nani katika nchi zetu anayeishughulikia kazi hiyo?

Wasomaji wetu wa visiwani huenda wakauliza wao wana nini na mlima wa Bigwa. Tunawajibu kwamba upande wa mashariki wa milima hiyohiyo, huko Matombo na Kinole, karafuu humea kama zinavyomea Pemba. Na mchumaji wa karafuu, awe wa Kinole au awe wa Wete, huupanda mkarafuu kwa pumzi. Baharia huvuta wavu kwa pumzi. Mama hupuliza moto wa kuni jikoni kwa pumzi, na moshi humrudia kifuani. Pumzi haina bara wala visiwa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye idara inayofundisha maumbile ya miili ya wanyama, yuko mwanachuoni aitwaye Profesa Andrew Makanya. Kwa miaka mingi amechunguza jambo moja: jinsi mapafu yanavyojiunda, na hasa jinsi mishipa midogo kabisa ya damu inavyoota ndani yake. Yeye si tabibu wa watu. Amefanya kazi yake kwa mayai ya kuku, kwa fuko, na hata kwa vichanga vya mnyama wa Australia aitwaye kwoka. Mtu wa haraka atasema hizo ni kazi za anasa. Sisi tunasema sivyo, na tunaomba nafasi ya kueleza.

Mapafu ya binadamu si mifuko miwili mitupu kama viriba. Ndani yake mna vifuko vidogo vya hewa ambavyo wataalamu wamevihesabu kuwa ni kiasi cha milioni 480. Kama kuta zake zingetandazwa chini, zingefunika zaidi ya mita za mraba 100, yaani uwanja wa nyumba nzima. Kila kifuko kimezungukwa na wavu wa mishipa myembamba kuliko unywele. Hewa iko upande mmoja, damu iko upande wa pili, na kati yao pana ukuta ambao unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni hupenya ukuta huo ikaingia katika damu, na hewa chafu hupenya ikatoka. Ukuta ukinenepa kwa makovu, au mishipa ikiziba, mtu huvuta hewa tele asifaidike nayo.

Upimaji wa ukuta huo una historia yake katika Afrika ya Mashariki. Mwana wa Kenya mwingine, Profesa John Maina, alianza kuupima katika ndege, akishirikiana na A. S. King wa Chuo Kikuu cha Liverpool. Ni yeye aliyeonyesha kwamba katika mbayuwayu wa majabalini ukuta huo ni mwembamba mno, kiasi cha mikroni 0.09, hali ya kuwa wa binadamu unakaribia mikroni 0.6. Hivyo ndege yule aliyebuniwa kuruka kutwa nzima ana ukuta mwembamba kuliko wetu zaidi ya mara sita. Mwaka 1992 Maina, Maloiy na Makanya walitoa pamoja uchunguzi wa mapafu ya fuko wa aina mbili wa Afrika ya Mashariki, wanyama wanaoishi chini ya ardhi ambako hewa ni haba. Baadaye Maina alikwenda Afrika ya Kusini, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand na kisha Chuo Kikuu cha Johannesburg. Makanya aliendelea na kazi Nairobi, huku akishirikiana na wanachuoni wa Bern, Uswisi.

Katika ushirikiano huo ndipo yalipopatikana mambo mawili ambayo kila msomaji aweza kuyafahamu. La kwanza lilielezwa mwaka 2006. Kifaranga akiwa ndani ya yai, seli zinazotanda njia zake za hewa huwa ni ndefu na nene. Yai huatamiwa siku 21 tu, na ukuta lazima uwe mwembamba kabla ya kuanguliwa. Seli zile hufanya nini? Hujikata zenyewe. Sehemu ya juu hutengwa na kudondoshwa, hubaki sehemu ya chini iliyo nyembamba, na ukuta huwa tayari kwa pumzi ya kwanza.

Jambo la pili ni la mishipa yenyewe. Tangu zamani ilijulikana kwamba mshipa mpya huchipua kutoka katika mshipa wa zamani, mithili ya mboga inayorusha kikonyo. Lakini mwaka 1986 wanachuoni wa Bern waliona njia nyingine katika mapafu ya panya wachanga. Walijaza mishipa kwa plastiki ya majimaji, ikagandamana, wakaiyeyusha nyama yote, likabaki umbo la mishipa peke yake. Katika umbo lile wakaona vitundu vidogo sana. Kila kitundu kilikuwa ni alama ya nguzo iliyosimama ndani ya mshipa, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Nguzo zile zikipanuka, mshipa mmoja hugawanyika ukawa miwili, kama chumba kilichotiwa kiambaza katikati. Mshipa wa kuchipua huhitaji siku. Huu wa kugawanyika huhitaji saa chache tu. Mwaka 2007 Makanya na wenzake walieleza jinsi njia hizi mbili zinavyopokezana katika mapafu ya kifaranga: kuchipua hutangulia kuweka misingi, kisha kugawanyika hushika zamu na kuujaza wavu.

Hapa tunapaswa kukiri kosa letu wenyewe. Sisi ni watu wa vikao. Tumekaa katika vikao ambamo mtafiti alisimama kuomba fedha, na swali letu la kwanza likawa: utafiti huu utaleta nini mwaka huu wa fedha? Mtafiti wa mbegu ana jibu. Mtafiti wa mbolea ana jibu. Lakini mtafiti wa mishipa ya kifaranga akiulizwa hivyo atajibu nini? Atanyamaza, au atasema uongo. Na mara nyingi tumempendelea msema uongo.

Jibu la kweli lilikuja mwaka 2020. Katika mwaka huo ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, madaktari wa Ujerumani, Marekani na wenzao walichunguza mapafu ya watu 7 waliokufa kwa ugonjwa huo, wakayalinganisha na ya watu 7 waliokufa kwa mafua makali. Waliona kwamba seli zinazotanda ndani ya mishipa zimeumia vibaya, damu imegandamana katika mishipa midogo, na mishipa mipya imeota kwa wingi. Nayo iliota kwa njia gani? Hasa kwa njia ya nguzo, ya kugawanyika, kiasi cha mara 2.7 kuliko katika mapafu ya wale wa mafua. Madaktari wale waliweza kukitambua walichokiona kwa sababu kulikuwa na watu waliokwisha kukichunguza katika panya na kukieleza katika yai la kuku, miaka mingi kabla ya msiba, wakati ambapo hapakuwa na aliyewahimiza.

Wala si korona peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa New York walionyesha kwamba panya akiondolewa pafu moja, lile linalobaki hukua, na wanaotoa amri ya kukua ni seli za mishipa midogo ya damu: hizo hutoa viini vinavyoziamsha seli za vifuko vya hewa. Mshipa, basi, si bomba tu la kupitishia damu. Ni msimamizi wa ujenzi. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani walieleza habari ya mwanamke aliyeondolewa pafu la kulia kwa sababu ya saratani akiwa na umri wa miaka 33. Baada ya miaka 15 pafu lake la kushoto lilikuwa limekua, na wakakadiria kwamba vifuko vyake vya hewa vimeongezeka kwa asilimia 64. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walibainisha kwamba seli za mishipa hiyo ziko za aina mbili, na kwamba moja ya aina hizo ndiyo inayozaa nyingine na kutengeneza palipoharibika. Hayo yote yanatupa tumaini kwamba mapafu ya mtu mzima hayakufungiwa mlango wa kujijenga upya.

Lakini tumaini si dawa. Hatutaki msomaji wetu aifunge makala hii akadhani kwamba dawa ya kuotesha mapafu imekwisha kupatikana. Haijapatikana. Panya si mtu, na mgonjwa mmoja si wagonjwa wote. Tunalisema hili kwa nguvu kwa sababu masokoni na vituoni wako wauzaji wa chupa wanaodai kusafisha na kufufua mapafu kwa wiki moja. Mwananchi anayemwuzia mbuzi wake mtu wa namna hiyo hupoteza mbuzi na pumzi pia. Mwanachuoni wa kweli hutambulikana kwa kusema pale elimu yake inapokomea.

Sisi tuliolelewa chuoni kabla ya kuingia shule za serikali tulifundishwa kuwaheshimu wanazuoni wa kale, na mmoja wao anafaa kutajwa hapa. Ibn al-Nafis, mzaliwa wa nchi ya Sham aliyefanya kazi yake Misri na kufariki mwaka 1288, ndiye aliyeandika, kiasi cha mwaka 1242, kwamba damu haipenyi ukuta wa katikati ya moyo kama alivyodai Galen wa Wagiriki. Bali hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita katika mapafu, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Tena alisema kwamba kati ya mishipa ya kwenda na ya kurudi lazima pawe na matundu madogo ya kupitia. Fikra yake ilikuwa sahihi, lakini hakuwa na hadubini. Ilipita miaka zaidi ya 400, mpaka mwaka 1661, ndipo Malpighi wa Italia alipoiona kwa macho mishipa hiyo midogo katika pafu la chura. Nuskha ya kitabu cha Ibn al-Nafis ilikaa maktabani Berlin mpaka mwaka 1924, alipoibukia daktari kijana wa Kimisri.

Mafunzo hapo ni mawili. Akili bila ya chombo hukwama njiani, hata iwe kubwa namna gani. Na elimu isiyotunzwa na wenyewe hutunzwa na wengine, na siku wenyewe wakiitaka lazima wasafiri kuifuata.

Hatusemi kwamba ni aibu kwa mwanachuoni wa Nairobi kushirikiana na Bern. Elimu ni biashara ya pande mbili, na ushirikiano huo umemnufaisha kila mmoja. Aibu ni kijana wetu kwenda ng'ambo, akajifunza kutumia hadubini ya elektroni, kisha akarudi asikute chombo, au akikute chombo asimkute fundi, au amkute fundi asikute kipuri. Hadubini isiyo na fundi ni sanduku la bei kubwa.

Wala mtu asituambie kwamba Afrika ya Mashariki haiwezi. Mwaka 1972 zilitangazwa habari za majaribio yaliyofanywa na nchi zetu pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yakaonyesha kwamba kifua kikuu chaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka mzima na zaidi. Wagonjwa wa nchi zetu ndio waliojitolea, na faida ikaenea ulimwenguni. Miezi 6 aliyomeza dawa mzee wetu wa Bigwa ilitokana na kazi iliyoanzia hapa hapa. Tangu mwaka 1977 mpango wa Tanzania wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ukishauriwa na Dakta Karel Styblo, ulikuwa mfano ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliupendekeza kwa mataifa. Na papo hapo Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Nao walichekwa mwanzoni.

Visiwani nako msingi uko. Maabara ya afya ya jamii iliyoko Wawi, Pemba, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, imeonyesha kwamba utafiti wa kuheshimika waweza kufanyika mbali na miji mikuu. Kinachotakiwa ni kuviunganisha vituo kama hivyo, visikae kila kimoja kwenye kisiwa chake, hata vile vilivyoko bara.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu kwa viongozi, na tunayatoa kwa unyenyekevu lakini bila ya kuficha.

Kwanza, matibabu ya kifua kikuu yasihesabiwe kuwa yamekwisha siku makohozi yanapoonekana safi. Mgonjwa apimwe pia pumzi yake kwa kipimo cha kupulizia, afundishwe mazoezi ya kifua, na habari zake ziandikwe. Hesabu ya waliopona bila ya hesabu ya wanaoweza kurudi shambani ni nusu ya hesabu.

Pili, vyombo vikubwa vya utafiti vinunuliwe na kutumiwa kwa pamoja na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Majaribio yale ya 1972 yalifanyika kwa sababu nchi zetu zilikuwa na huduma za pamoja. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977; hii ya sasa, iliyotiwa saini mwaka 1999, haina sababu ya kusahau jema la mtangulizi wake. Na kila chombo kinaponunuliwa, fungu la fundi na la vipuri liandikwe katika karatasi ileile.

Tatu, serikali zetu zitimize ahadi. Mwaka 2006, huko Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Sehemu ya fedha hizo itengwe kwa ajili ya kazi za miaka 10 au 20, zisizoulizwa matunda kila mwisho wa mwaka. Mkarafuu wenyewe haukuzai mwaka unaoupanda, na hakuna mkulima wa Pemba aliyeung'oa kwa sababu hiyo.

Nne, shule zetu za sekondari zipewe hadubini, hata za kawaida, na mwanafunzi aruhusiwe kuzishika. Mtoto aliyewahi kuona kwa jicho lake damu ikipita katika utando wa mguu wa chura hatasahau maisha yake yote.

Nao wananchi wana wajibu wao. Kikohozi kinachozidi wiki 2 kipelekwe zahanati. Dawa ikianzwa imalizwe. Jiko la kuni lipewe dirisha na dohani, kwa kuwa mishipa tuliyoieleza hapa huanza kuharibika kwa moshi miaka mingi kabla mtu hajakohoa. Kulinda ukuta uliopo ni rahisi kuliko kuujenga uliobomoka.

Tulipoagana na mzee wa Bigwa aliinuka, akalichukua jembe lake, akapanda hatua ishirini hivi, akasimama tena. Hatukuwa na la kumwambia. Ipo siku mjukuu wake atasimama mahali pale pale kwa sababu ileile, na atauliza kama tulikuwa tukijua. Tulikuwa tukijua kwamba mapafu yana njia ya kujijenga, na tulikuwa tukijua kwamba wapo wana wa Afrika ya Mashariki waliotoa umri wao kuichunguza. Lililobaki ni viongozi wetu kuamua kama watawaacha watafiti hao peke yao na mayai yao, au watasimama nao. Sisi tunasema wasimame nao.